Ng'ombe ya Mama Yangu Katika Maisha ya Mwimbaji wa Amerika

Uvumilivu wangu uliishia Shasha, saa tisa ya mchana, mbele ya darasa la shule lililozibwa madirisha kwa blanketi. Nilikuwa nimeshuka pale kununua samaki, mutoto mugongoni. Nikasikia kipaza sauti ndani ya darasa. Sauti ya mwanaume, ya polepole, ya muntu aliyeshiba. Ilikuwa inasema:

"Huyu mwimbaji mukubwa wa Amerika, mama yake alikuwa na ng'ombe moja tu, jina yake Bihogo, pembe moja imevunjika. Ile ng'ombe ilikataa kutoa maziwa mpaka mutoto aimbe. Na akiimba na sauti ya juu, inapiga teke. Njo maana alijifunza kuimba na sauti ya chini."

Nilisimama na samaki mukononi. Ile ng'ombe naijua. Mimi njo nilikuwa naishikia kamba wakati wa kukamua. Ilinipiga teke hapa kwenye goti, alama iko mpaka leo. Haijafika Amerika hata siku moja. Ilizaliwa Muheto, ikafia Muheto, na ilikuwa ya mama yangu.

Niliingia. Giza, watu wamebanana, watoto mbele chini. Kwenye mikro, kile kipaza sauti, hakukuwa muntu. Papa Anaklet, fundi wetu wa mashine, alikuwa amekaa pembeni ya projekta kama siku zote, na karibu naye kisanduku chenye magurudumu mawili madogo yanazunguka, utepe unapita katikati. Sauti ilikuwa inatoka mule.

"Papa Anaklet, ni nani huyu anasema?"

"Mama Esperanse, usinikasirikie. Mimi ni fundi. Wananipa mashine, nazungusha."

"Nimeuliza ni nani."

Akaangalia miguu yake. "Ni Shefu wetu wa kazi."

Nikachomoa waya. Sauti ikakatika katikati ya neno. Darasa zima likapiga kelele, na mama mumoja akaniambia kwa nguvu: "Weye mama, kama haukuleta blanketi ya dirisha, toka inje, acha batu baone sinema!"

"Ile ng'ombe ni yetu!" nilijibu. Nilitaka kusema mambo mengine, ya akili, lakini hayo njo yalitoka. Walicheka mpaka mutoto wangu akaamka akaanza kulia. Hata leo, nikipita Shasha, wananiita Mama Ng'ombe.

Kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee. Mimi nina miaka ishirini na saba na meno yangu yote. Lakini kazi yangu imekufa kabla yangu, basi mimi ni mustaafu, sina jina lingine la kujipa. Mwalimu wetu wa zamani ameniomba niwaandikie nyinyi wasichana mnaomaliza sekondari, muone namna kazi ya mwelezaji wa sinema ilikuwa inafanywa huku kwetu, Masisi ya milima na Walikale ya pori. Nitaandika. Na zaidi nitaandika asante, kwa sababu kazi ile ilinipa vitu vingi. Hasira yangu iko na muntu mumoja tu, na mutamuona akifika.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Masisi, miaka miwili baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka shule, nimevaa viatu vya dada yangu. Shefu wa biro, ofisi ya sinema ya kutembea, nitamwita Shefu wa Kwanza, alikuwa muntu mufupi mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Aliniuliza akiwa anafunga kamba za kamio, lori yetu ya sinema.

"Kifaransa unajua?"

"Ndiyo, Shefu."

"Kihunde?"

"Ni ya mama yangu."

"Kinyarwanda?"

"Ya majirani."

"Na kunyamaza unajua?"

"Hapana, Shefu."

"Vizuri," akasema. "Mwelezaji mwenye kujua kunyamaza ningemurudisha kwao. Panda kamio."

Basi niwaeleze kazi. Filime haikai mahali pamoja. Inakuja imezungushwa kwenye bobini, yaani gurudumu la chuma lenye utepe. Filime moja ndefu inakuwa na bobini tano. Sisi tulikuwa na projekta moja tu. Kila bobini ikiisha, Papa Anaklet anawasha taa ndogo, anatoa ile ya kwanza, anaingiza ya pili, anapitisha utepe kwenye meno ya mashine, anapangusa kioo. Kama utepe umekatika, anakwangua ncha mbili, anatia gundi, anabana na vidole, anangoja ikauke. Wakati huo wote watu wamekaa wanaangalia shuka nyeupe isiyo na kitu. Ukiwaacha, wanaanza kugombana, ao wanaenda kukamua ng'ombe zao hawarudi.

Njo hapo mwelezaji anafanya kazi. Picha ikitembea, anatafsiri maneno. Picha ikisimama, anashika watu kwa mudomo wake peke yake.

Na tulikuwa tunaonyesha mchana. Kule juu jioni ni baridi na mvua, watu hawakai inje. Tulikuwa tunaomba darasa ao ghala ya jibini, na madirisha yanazibwa na blanketi za watu wenyewe. Hiyo ilikuwa desturi ya Masisi, sijui ilitoka wapi: muntu analeta blanketi yake, Papa Anaklet anaipigilia dirishani, na mwenye blanketi anakaa mbele. Wamama walikuwa wanakuja na blanketi ya arusi, ile nzuri, ili ionekane. Filime ikiisha, kila mumoja anatoa yake, mwangaza unaingia dirisha kwa dirisha, na watu wanaanza kuonana nyuso, macho mekundu kwa kulia. Hiyo ni kitu kizuri kabisa nimeona katika maisha yangu. Wale wamama nawashukuru.

Filime zetu nyingi zilikuwa za muntu mumoja, mwimbaji wa Amerika, mweusi kama sisi, kifua kama mulango, sauti inayotikisa mabati. Jina lake la kweli liliwashinda watu kusema. Muheto walimupa jina, Papa Ngurumo, likamushika kote.

Shefu wa Kwanza alinipa gazeti moja ya Kifaransa, kurasa nne juu ya maisha yake. Akasema: "Bobini tano, nafasi nne katikati, kurasa nne. Ukishindwa hapo, hautanilaumu mimi." Nililala na ile gazeti wiki nzima. Baba yake aliondoka yeye akiwa mudogo. Mama alilima mashamba ya wengine, na mutoto aliimba kanisani Jumapili. Akakua, akaosha sahani hotelini. Mwalimu wa kwaya akamusikia akiimba na mikono ndani ya maji ya sabuni, akamuvuta kutoka pale. Akatoa sahani za muziki. Watu wa filime wakamuita, wakamupa kazi za kubeba sanduku za wakubwa na kusema "ndiyo bwana". Alibeba, alisema. Halafu akakataa, akakaa miaka bila kazi, mpaka wakamurudia na kazi ya muntu kamili.

Na kulikuwa habari moja ukurasa wa nne. Kuna filime walichukua sauti yake, wakaitia kwenye kinywa cha muntu mwingine. Muntu yule anafungua mudomo, Papa Ngurumo anaimba. Alipoiona, hakupigana na muntu. Alivaa koti, akaenda biro ya wenye filime, akaandika lalamiko lake, na hakuondoka pale mpaka lilipopigwa muhuri. Nilieleza habari hiyo mara mia, na watu walikuwa wanapiga makofi kila mara. Sikujua naieleza kwa ajili yangu.

Sasa ng'ombe. Tulikuwa Muheto, upande wa mbali ambako hawakumujua mama yangu, nafasi ya kwanza, bobini imebadilishwa, mimi nasema mama ya mwimbaji alilima mashamba ya wengine. Muzee mumoja akasimama na fimbo yake.

"Ule mama alikuwa na ng'ombe ngapi?"

"Gazeti haisemi, Papa."

"Haisemi, ao hakuwa nayo?"

"Hakuwa nayo, naona."

Nikasikia darasa linapoa. Mutoto asiyekunywa maziwa ya kwao, atatoa wapi kifua kile? Mama asiye na hata ndama moja, nani alimuoa? Muzee akaanza kutafuta kofia yake. Wengine wakaangalia blanketi zao dirishani. Papa Anaklet alikuwa bado anakwangua utepe, akanipigia jicho: fanya kitu.

"Alikuwa na moja," nikasema. "Jina yake Bihogo."

Nilimupa ng'ombe ya mama yangu. Pembe iliyovunjika, teke, kuimba wakati wa kukamua, vyote. Ni mimi nilikuwa namuimbia Bihogo, na ni mimi nilikatazwa sauti ya juu. Muzee akakaa. "Aaa," akasema, "sasa tunamujua." Kutoka siku ile, kila mahali Masisi, maisha ya Papa Ngurumo yalianza na Bihogo. Ilikuwa uongo. Nilijua ni uongo. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko ukweli wote wa kurasa nne.

Walikale ilinifundisha bei ya mambo hayo.

Tulishuka na kamio mpaka pori kubwa, siku tatu njiani kwa sababu ya matope, kwenye kijiji cha wawindaji na walimaji ndani ya Walikale. Filime ilikuwa ile ambayo Papa Ngurumo anajenga daraja ya treni, na kwenye bobini ya nne daraja inamuangukia. Bobini ya tano inaonyesha wanamutoa muzima. Lakini bobini ya tano ilikuwa imeloa maji mutoni, utepe umeshikana kama ugali. Papa Anaklet akanong'ona: "Imekufa. Waambie imeisha." Nikasema imeisha.

Wamama wakaweka mikono kichwani. Nilifikiri ni kilio kidogo cha sinema, kile cha Masisi, kinachoisha blanketi zikitoka. Hapana. Asubuhi nilikuta mikeka imetandikwa, watu wamekaa chini, ndizi na nyama ya moshi zimeletwa, kama kwa muntu wa ukoo. Kapita, mukubwa wa kijiji, muzee mwembamba mwenye sauti ndogo, aliniletea kiti: "Mama, weye ulikuwa unamujua. Kaa na wafiwa." Nikakaa. Nilikula chakula cha matanga ya muntu aliyekuwa muzima Amerika.

Tuliporudi, miezi imepita, filime ilikuwa nyingine. Papa Ngurumo akatoka kwenye shuka nyeupe amevaa kofia, anacheka. Hakuna aliyepiga kelele. Walinigeukia mimi, wote pamoja.

Kapita akasimama. "Mama, huyu tulimulilia."

"Ndiyo, Papa Kapita."

"Kilio ilikuwa ya kweli. Tulikaa chini."

"Ndiyo. Mimi njo nilikosa. Kufa kwake ilikuwa kazi. Wanamulipa afe, halafu anaamka, anaenda kwake. Mwisho wa filime uliharibika na maji, nikaogopa kuwaambia."

"Anakufa kwa kazi." Alifikiri. Nilingoja atufukuze, na angekuwa na haki. Halafu akasema: "Sasa ile kilio iko ya nani?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Aliangalia upande wa wamama, kwa mama mumoja ambaye kijana wake aliingia pori kuwinda, misimu miwili ya mvua imepita, hakurudi. Mwili haukuonekana, na bila mwili walikuwa hawajatandika mikeka. Wazee wakatoka inje wakaongea. Papa Anaklet alikuwa amezima mashine bila kuambiwa. Waliporudi, Kapita akamuambia yule mama kwa kilugha chao, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili ili nisipotee: "Tumesema, ile kilio ni ya mutoto wake. Tulikuwa tunamulilia yeye, tulikosea jina tu."

Yule mama alikuja kunishika mikono miwili. Alinishukuru. Mimi, mwongo! Tangu siku ile, kabla ya bobini ya kwanza, nilikuwa nasema wazi: huyu muntu kufa ni kazi yake, msitandike mikeka. Uongo wote niliuacha. Isipokuwa ng'ombe. Ng'ombe nilishindwa kuiacha.

Baadaye alikuja Sekretere, katibu wa biro. Shefu wa Kwanza alikuwa anazeeka, biro ikamutumia kijana mwenye viatu vinavyong'aa na kile kisanduku cha magurudumu mawili, chenye kushika sauti. Alipanda nasi kamio, Masisi yote, kila kituo anaweka kisanduku mbele yangu.

"Ni kwa raporo, Mama, ya kupelekea wakubwa. Sema kama kawaida, usiangalie mashine."

Nilisema kama kawaida. Nilifurahi hata. Nilifikiri wakubwa wanataka kusikia kazi yangu.

Shefu wa Kwanza akaenda kupumzika kwao, Mungu amurefushie siku. Sekretere akawa Shefu. Mimi nikazaa Esperanse, na baada ya miezi mitatu nikarudi kazini naye mugongoni. Alilia kwenye mikro mara moja, Masisi, na watu walicheka, wakasema na Papa Ngurumo alikuwa analia vile. Kesho yake Shefu aliniita biro. Hakunipa kiti.

"Mama, kazi na mutoto haviendi pamoja."

"Vilienda jana, Shefu. Darasa lilijaa."

"Biro haina mugongo ya kubebea watoto."

"Mugongo ni yangu. Biro inatoa mikro tu."

"Nenda ulee. Filime za Papa Ngurumo hatutazionyesha tena, basi hatuhitaji mwelezaji."

Hayo njo maneno yake. Hazitaonyeshwa tena. Nilimuamini, nikaenda kulea, mwaka mumoja. Mpaka Shasha.

Siku ile, watu walipotoka darasani, Papa Anaklet alinisaidia kufunga samaki. Anaaibika, naona. Yeye njo aliyenifundisha kushika mikro mbali na meno, na kumeza mate kabla ya neno kubwa, na hajawahi kuniita musichana. Hasira yangu haimuhusu.

"Anasoma kwenye karatasi," akaniambia. "Maneno yako yote, moja moja. Aliyaandika kutoka kwenye utepe."

"Nitaenda kulalamika."

"Utasema nini? Maneno hayana alama kama ng'ombe."

"Haya yana alama. Bihogo njo alama. Haimo katika gazeti lolote la dunia."

Akakunja waya. "Ukisema vile, Mama Esperanse, unasema pia ulidanganya batu. Masisi yote. Na Walikale watasikia. Kapita atasikia."

Nilijua. Nilirudi nyumbani na neno lile, nikakaa nalo siku tatu. Nikinyamaza, Shefu anabaki na kazi yangu na maneno yangu, na Esperanse atakua akisikia hadithi ya bibi yake kwa sauti ya muntu aliyemufukuza mama yake. Nikisema, yule mama wa pori aliyenishika mikono atajiuliza nini kingine nilimudanganya.

Nilipanda Muheto kwa mama. Nilimukuta anachagua maharagi. Nilimueleza yote. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Bihogo alifika Amerika?"

"Mama, mimi nalia, weye unacheka."

"Na ulisema pembe ni ya upande gani?"

"Kushoto."

"Ni kushoto, njo." Akapangusa macho. "Ile ng'ombe ilinilipia shule yako. Sasa inakula majani ya muntu nisiyemujua. Enda uirudishe nyumbani."

Basi. Kwa Walikale nimetuma habari kwanza, kwa mudomo wa dereva wa kamio, ili Kapita asiisikie kwa wengine. Jibu halijafika. Nilimushukuru Papa Ngurumo moyoni, popote alipo, kwa ukurasa wa nne. Nilivaa koti ya bwana yangu, nikamufunga Esperanse mugongoni, nikaenda Masisi kwa Administrateur wa Territoire, mukubwa wa wilaya, nikasimama mbele ya meza mpaka karani alipopiga muhuri. Nakala yake hii hapa, kama ilivyo:

"Kwa Bwana Administrateur. Mimi, mama wa mutoto mumoja, mwelezaji wa zamani wa sinema ya kutembea, nalalamika juu ya Shefu wa biro hiyo. Aliniondoa kazini akisema filime za mwimbaji wa Amerika hazitaonyeshwa tena. Zinaonyeshwa. Maelezo yanayosomwa mule ni yangu, neno kwa neno, aliyachukua kwa mashine akisema ni ya raporo.

Ushahidi wangu ni kosa langu. Mama ya yule mwimbaji hakuwa na ng'ombe. Mimi njo nilimupa moja kwa uongo, Muheto, kwa sababu niliogopa watu wataondoka. Kwa uongo huo naomba musamaha kwa watu wote wa Masisi na Walikale, na niko tayari kwenda kijiji kwa kijiji kusema hivyo kwenye mikro ileile.

Naomba utepe ule usimame. Naomba kurudishwa kazini, pamoja na mutoto wangu, ambaye kwenye mikro alilia mara moja tu.

Kama Shefu anasema maneno ni yake, basi na ng'ombe ni yake. Mama yangu anaishi Muheto. Anajua Bihogo alizaliwa na nani, na anajua majina ya ndama zake zote saba. Naomba tuitwe sote mbele yako, na Shefu aulizwe jina la ndama moja tu."